Pengo la Cherehani

Jua lilikuwa linaaga mke wangu aliponitoa nyumbani kwa kelele, kama ilivyo desturi yake.

"Wewe pipa! Duka la kuchapisha linafungwa saa kumi na mbili na nusu! Au unangoja likufuate hapo ulipokaa?"

"Naenda, mke wangu."

"Unaenda! Umeanza kwenda tangu saa tisa. Kobe amekupita, akarudi, akakupita tena, saa hizi yuko kwake anaoga!"

Jirani aliyekuwa anaanua nguo alicheka mpaka shuka likamponyoka. Huyo ndiye mke wangu. Jukwaani tulimwita Cherehani, maana mdomo wake ukishakanyagiwa pedali, hausimami mpaka kitambaa kiishe. Mimi jukwaani naitwa Bwana Debe, na unajua ni debe la namna gani lisiloacha kuvuma. Miaka kumi na tisa tumecheza mume na mke mbele za watu, halafu tunarudi nyumbani kucheza mchezo uleule bila kiingilio.

Nakuomba uishike hiyo sauti yake ya jioni ile. Kobe anaoga. Ishike vizuri, nitakuja kuidai baadaye.

Nikatoka na flashi mfukoni, tumbo likinitangulia kama mjumbe wa nyumba kumi. Lakini kabla sijafika dukani nikueleze kazi yetu, la sivyo hutajua nilikosea wapi.

Kundi letu ni watu sita. Tunafanya mazoezi kwenye ukumbi ulio juu ya duka la magodoro, kwa hiyo hata ukianguka vibaya jukwaani unajifariji kwamba chini kuna laini. Mwalimu aliyelianzisha kundi ni marehemu sasa. Alituachia sheria mbili tu.

Ya kwanza: pasi haiachwi. Mwenzako akikutupia neno, unajibu. Umesahau, umeungua ulimi, umefiwa, unajibu. Kimya jukwaani ni maiti, na maiti ya jukwaani huoza haraka.

Ya pili: pengo halijazwi. Cherehani hakuwahi kukariri. Maneno yake aliyatoa kichwani palepale, moto moto, na katika miaka kumi na tisa sijamsikia akirudia kichekesho hata mara moja. Basi kwenye skripti, penye jina lake, tuliweka nukta tu. Mimi: "Chakula kiko wapi?" Cherehani: nukta, nukta, nukta. Mwalimu alikuwa mpole wa kila kitu isipokuwa hilo. Ole wako uandike neno kwenye nukta zile, hata kwa penseli, hata kwa utani. Sisi tulidhani ni mambo ya sanaa. Wakubwa wa sanaa wana mambo mengi.

Sasa, mwaka huu vichekesho vilinikauka. Kila Ijumaa watu wanataka mchezo mpya, na mimi kichwani nasikia upepo tu. Ndipo shemeji yangu, mdogo wake Cherehani, fundi wetu wa taa na vipaza sauti, akaniwekea akili mnemba kwenye kompyuta.

"Shemeji, hii unaiambia unachotaka, inakuandikia."

"Inapika pia?"

"Haipiki. Lakini pia haili kama wewe."

Nisiisingizie: ilinisaidia. Naiambia, nipe sababu kumi za mwanamume mzima kujificha kabatini. Inanipa kumi, natupa tisa, ya kumi naipinda mpaka inafanana na mimi. Nilikuwa naipa kisa tu. Nukta za Cherehani sikuwahi kuionyesha.

Siku ile nilichoka. Mchezo ulikuwa umebaki mwisho wake tu. Nikachukua skripti nzima, na nukta zake zote, nikaibandika mbele ya ile mashine, nikaandika maneno mawili:

"Malizia palipobaki."

Nilimaanisha mwisho.

Ikamaliza kwa kufumba na kufumbua. Nikanakili kwenye flashi bila kusoma, nikaenda dukani.

Mchapishaji ni mzee mmoja anayevaa miwani kwenye paji la uso, nadhani ili mawazo yake yaone vizuri. Aliiwasha mashine yake, karatasi zikaanza kutoka. Akaokota moja, akashusha miwani, akacheka. Akaokota ya pili. Hakucheka tena.

"Bwana Debe, siku hizi Cherehani mnamwandikia?"

"Cherehani haandikwi. Umewahi kuona maji ya mvua yanaandikwa?"

"Basi hizi ni nini?"

Nikatazama. Nukta hazikuwepo. Hata moja. Kila penye jina lake palikuwa na maneno, na mahali pa kwanza kabisa palikuwa na neno moja.

CHEREHANI: Hodi.

Nikakuna kichwa. Katika mchezo ule mume na mke wamejifungia ndani, wamekaa mezani, wanajificha mgeni asijue kwamba wapo. Mke yuko ndani. Mlango umefungwa kwa ufunguo.

Mtu aliye ndani anapiga hodi ya nini?

"Halafu karatasi zangu zimeingia maji," mzee akanung'unika akizipapasa. "Zilikuwa kavu sasa hivi."

Nikanusa. Zilikuwa na joto la mashine, lakini chini ya joto kulikuwa na harufu nyingine... Koti lililowekwa sandukuni likiwa bichi, likasahauliwa miaka.

Ningeweza kurudi nyumbani nikairekebishe skripti, nije kuchapisha upya. Lakini mzee alishaanza kushusha mlango wa duka, mazoezi yalikuwa saa moja, na uvivu wangu una uzito wa kilo mia na kumi, nimeupima. Nikasema, mashine nazo zina utani wao. Nikapanda ngazi za ukumbini.

Cherehani alizipokea karatasi, akazitupia jicho, akapandisha sauti mpaka magodoro ya chini yakaamka.

"Nani kaniandikia? Mimi mtoto wa darasa la kwanza, nifuatishe kwa kidole?"

"Muulize mtaalamu wako." Nikamwonyesha shemeji juu ya ngazi yake.

"Usinisingizie," akasema bila kugeuka, anafunga balbu. "Mimi nilileta kiberiti. Nyumba umeichoma mwenyewe."

Mke wangu akazirusha karatasi kwenye kiti cha pembeni. Hakusoma hata ukurasa wa kwanza. Hilo nalishuhudia mbele ya yeyote atakayeniuliza. Akakaa mezani mkabala nami, akanikonyeza, na wenzetu watatu wakakaa chini kutazama.

Nikaanza. "Mke wangu, tukinyamaza watadhani hatupo."

Hapa ndipo pengo lake la kwanza. Nikaona mabega yanapanda, mkono unashika kiuno. Hivyo ndivyo alivyovuta pumzi kabla ya kukurarua. Nikajiandaa kuraruliwa. Mdomo ukafunguka...

Kimya.

Sekunde moja. Mbili. Nikayaona macho yake yakitafuta. Kama mtu aliyetia mkono mfukoni akakuta mfuko umeshonwa.

Kisha...

"Hodi."

Ilitoka mdomoni mwake. Haikutoka kooni mwake. Ilikuwa chini, ya mbali, kama inapita kwenye ubao wa mlango.

Na mimi? Mimi ni mtu wa jukwaa. Nimefundishwa jambo moja tangu ndevu hazijaota. Kichwa kilikuwa bado kinashangaa, mdomo ukawa umeshajibu, kwa mbwembwe, mikono nimeifungua kama mwenye hoteli.

"Karibu!"

Taa haikuzimika. Radi haikupiga. Laiti ingepiga, ningekuwa na la kusimulia polisi. Ilikuja ile harufu tu. Koti bichi. Na kiti cha pembeni, chenye karatasi, kikalia kidogo... vile kiti kinavyolia mtu anapokikalia taratibu.

Mke wangu akaendelea. Nilikuwa na nakala yangu mkononi nikimfuata kwa jicho. Neno kwa neno. Mkato kwa mkato. Karatasi ambazo hakuzisoma alizisema zote mpaka nukta ya mwisho, na wenzetu wakawa wanagaragara kwa kicheko, maana yalichekesha. Hilo ndilo lililonitia baridi. Yalichekesha kuliko yangu. Shemeji alishuka ngazini anajifuta macho.

Na yeye alikuwa anatabasamu, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Mchezo ukaisha. Wakapiga makofi. Nikampa maji.

"Umetisha leo. Ulizisoma saa ngapi?"

Akanitazama.

"Sema basi."

Akafungua mdomo. Akaufunga. Chini ya meza vidole vyake vikaanza kugonga goti langu, haraka haraka... ta-ta-ta-ta-ta... Alikuwa na tabia hiyo tangu uchumba, akikosa subira. Pedali ya cherehani.

Hakusema kitu njia nzima.

Asubuhi tukaenda hospitali. Daktari akammulika koo, akampiga picha, akaandika andika.

"Koo zima kabisa. Huenda amechoka kusema."

"Daktari," nikamwambia, "huyu kuchoka kusema ni sawa na samaki kuchoka maji."

Hakucheka. Na mimi sikucheka. Nikampa mke wangu kalamu na karatasi, nikamwambia niandikie basi unachosikia mwilini. Akashika kalamu vizuri. Akainamisha kichwa. Mkono ukaanza kwenda.

Nukta. Nukta. Nukta. Akajaza ukurasa mzima, akageuza wa pili.

Nikamnyang'anya kalamu kwa upole.

Siku ya tatu, shemeji akaja na wazo. Akaandika kwa mkono wake: "Nataka chai." Akampa dada yake asome. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Tukajaribu kitabu, gazeti, tukajaribu barua aliyoniandikia yeye mwenyewe tukiwa vijana. Hakuna. Nikiwa nimekata tamaa, nikafungua kompyuta, nikaandika kama mtu anayeongea na ukuta: mwandikie Cherehani neno moja la asubuhi.

Ikaandika: *Umeamkaje, mume wangu?*

Na nyuma yangu, jikoni, ambako mtu hawezi kuiona hata kona ya kompyuta...

"Umeamkaje, mume wangu?"

Kikombe kilichovunjika kilikuwa changu.

"Naifuta," shemeji akasema. "Naifuta sasa hivi, na takataka zake zote." Akaketi, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Akabonyeza mara ya mwisho. Tukasikia kitu kinaanguka jikoni. Tulimkuta mke wangu sakafuni, mikono shingoni, mdomo wazi, hewa haiingii wala haitoki, uso unageuka rangi ya jivu.

"Irudishe!" nikapiga kelele. "Irudishe!"

Akarudi mbio. Sijui alibonyeza nini. Dakika nzima. Nilimshika mke wangu kichwa, nikihesabu, nikimwita kwa jina lake halisi ambalo hata jirani halijui. Kisha akavuta pumzi, ndefu, yenye mlio. Shemeji alikuja akakaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, akalia kama mtoto.

"Shemeji, mimi ni mtu wa taa," akasema. "Swichi ya hii siijui."

Kuna mtu mmoja tu aliyebaki wa enzi za mwanzo za Mwalimu. Tunamwita Bi Mnong'ono. Miaka thelathini alikaa nyuma ya pazia akiwanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau, na hata baada ya kustaafu haongei kwa namna nyingine. Nilimfuata mchana wa jua kali. Alikuwa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamweleza yote. Hakunyanyua macho.

"Nani alijaza?" akanong'ona.

"Mashine, Bibi."

"Mashine haina njaa ya mdomo. Ilifungua mlango tu." Akatoa jiwe, akalitupa. "Tatizo lako ni aliyeingia."

"Ni nani?"

"Kulikuwa na dada yake Mwalimu. Kabla yako wewe. Alikuwa kama mkeo, maneno yake hayaandikwi. Watu walimcheka yeye kuliko kaka yake. Siku moja kaka akaona wivu. Akazijaza nukta."

Jasho likanikauka mgongoni. "Neno la kwanza lilikuwa nini?"

"Hodi. Na alikuwa ndani."

"Nani alimjibu?"

Mikono yake ikasimama juu ya mchele.

"Mwenye zamu ya kujibu alishtuka, akasahau. Kazi yangu mimi ilikuwa kukumbusha waliosahau." Akafuta vidole kwenye kanga. "Nikamnong'oneza: sema karibu. Tangu siku ile sauti yangu haijapanda tena, mwanangu. Sijawahi kuipandisha. Naogopa nitasikika."

Nikashindwa kuuliza, nikauliza. "Dada akawaje?"

"Alichekesha sana. Watu walitoka mbali kumwona. Kila siku Mwalimu aliandika, yeye akasema. Kisha Mwalimu akachoka kuona macho yake. Akachoma karatasi, akatupa kalamu. Alidhani anamwokoa." Akarudi kuchambua. "Tulimzika Jumatano."

"Kwa hiyo nikiacha kuandika..."

"Mwalimu angalau mkono wake ulikuwa unachoka. Huyo mgeni wako amepata karatasi isiyoisha."

"Bibi, nifanye nini?"

"Ningejua, ningekuwa nanong'ona?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Najua hili tu. Hodi ni tatu. Mgeni asipojibiwa mara tatu, huenda zake. Lakini wewe ulijibu ya kwanza. Mwenyeji ni wewe. Kama siku moja atapiga tena, kaa kimya mpaka ya tatu ipite."

"Ataondoka?"

"Ataondoka. Sijui atatoka na nini mkononi."

Miezi minne imepita.

Ukumbi unajaa. Watu wanakaa ngazini, wengine wamesimama kwenye duka la magodoro wakisikiliza kupitia dari. Wanasema Cherehani hajawahi kuwa mkali hivi. Wenzetu wanasema kwa nini hatukuanza na mashine zamani. Mimi kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, nafungua kompyuta na kumwandikisha mke wangu siku yake. Salamu. Neno la kumwambia muuza mkaa. Neno la kumfariji jirani aliyepatwa na msiba. Nisipofanya hivyo, ikifika saa nne midomo yake inaanza kuwa ya buluu.

Inamwandikia vizuri. Inamwandikia "nakupenda". Miaka kumi na tisa mke wangu hajawahi kuniambia ananipenda. Aliniita pipa, gunia, kabati lenye miguu, na nilijua. Sasa anasimama jikoni, harufu ya koti bichi imemzunguka, ananiambia nakupenda mume wangu, na macho yake yananiomba radhi.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. Nikaiandikia: mwandikie anitukane. Kama zamani.

Ikaandika. Naye akasema, kule jikoni:

"Kobe amekupita, akarudi, akakupita tena, saa hizi yuko kwake anaoga."

Nilikwambia uishike hiyo sauti. Kabla ya leo sikuwahi kuyaandika popote maneno yale. Aliyasikia jirani, nikayasikia mimi. Mashine haikupewa na mtu. Na Cherehani hajawahi kurudia kichekesho maishani mwake.

Ndipo nilipoelewa kwamba kisima kinachochotwa ni kichwa chake mwenyewe. Kikombe kwa kikombe. Na kwamba kimeanza kurudia kwa sababu kinafika chini.

Vidole vyake bado vilikuwa vinaniambia kwamba yumo. Kila usiku kabla ya kulala anashika goti langu. Mwezi wa kwanza: ta-ta-ta-ta-ta. Mwezi wa pili: ta-ta... ta-ta. Mwezi wa tatu: ta.

Ta.

Juzi haikuja hata ta moja. Mkono ulikaa tu pale kwenye goti, wa baridi, kama kitu kilichosahauliwa na abiria.

Jana nikaiandikia kama mtu anayepiga magoti. Acha pengo la Cherehani wazi. Usilijaze. Tafadhali.

Ikajibu: *Sawa. Nimeacha pengo wazi.*

Moyo ukaruka. Nikateremka kuusoma ukurasa. Maneno ya mke wangu yalikuwepo yote, yamejaa pomoni. Chini yake kulikuwa na jina lingine, na mbele ya jina hilo hapakuwa na neno.

BWANA DEBE: ..............

Nukta kumi na nne. Kile kijistari cha kuandikia kilikuwa kimesimama kwenye nukta ya kwanza, kinawaka na kuzima... kinawaka na kuzima... Sikubonyeza kitu. Niliuondoa uso wangu pale kama mtu anayetoka mbele ya bunduki.

Haya nayaandika kwa kalamu, kwenye daftari la shule, meza ya jikoni, jua linaaga. Kompyuta nimeizima, nimeifungia kabatini. Asubuhi ilishamwandikia mke wangu maneno ya kumfikisha mpaka jioni, na alishayasema yote. Nadhani mgeni akiishiwa maneno, itambidi apige hodi tena. Amekaa mkabala nami. Mlango nimeufunga kwa ufunguo, na ufunguo nimeukalia. Shemeji nimemwambia asije. Nimejaza kitambaa cha kufutia vyombo mdomoni, chote, mpaka mashavu yameuma. Ungeniona ungecheka. Mchekeshaji mzima, kilo mia na kumi, anatafuna kitambaa.

Ananitazama.

Harufu imekuja.

Mabega yake yanapanda. Mkono unashika kiuno.

"Hodi."

Ulimi wangu umeruka wenyewe, umegonga kitambaa. Nimekiuma. Miaka yote hiyo, mwili haujui kwamba huu si mchezo. Moja imepita.

Naandika ili mkono usikivute.

"Hodi."

Mbili. Kitambaa kimelowa. Naonja sabuni. Bado moja tu, moja, halafu anaenda zake, na mimi sijui atamwacha nani kwenye kile kiti. Anaweza kuniachia mke wangu, aniite pipa. Anaweza kuniachia nguo zake zimekaa zenyewe.

Anavuta pumzi. Ni ndefu. Anatabasamu.

Na sasa hivi, chini ya meza, kwenye goti langu...

Ta-ta-ta-ta-ta.

Haraka haraka. Kama zamani. Kama mtu asiye na subira anayeniambia jibu basi, wewe pipa, unangoja nini. Ni yeye. Au ni kitu kilichofika chini ya kisima kikakuta hicho cha mwisho. Mke wangu, ni wewe?

"Hodi."

Katika maisha yangu yote sijawahi kumwachia pasi chini.

Kitambaa nimekishika mkononi.